Mkato, Nukta na Mkwaju

Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu wa nyumba tatu tofauti. Anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Utaratibu huu unajulikana katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa nchini, na haukubuniwa kwa ajili ya malaika. Katika kikundi cha shangazi yangu kule Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, aliyelala na sanduku alikuwa shangazi mwenyewe, miaka sita mfululizo, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hadi nilipokwenda mimi na kompyuta.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dodoma. Nilikuwa nimesoma lugha ya C kwa muhula mmoja tu, na kwa elimu hiyo nikajiona fundi. Ilikuwa Desemba, kikundi kinakaribia kuvunja kikoba na kugawana. Shangazi akaniambia, "Baba, wewe si unasomea mambo ya kompyuta? Njoo utujumlishie, macho ya katibu yamechoka."

Daftari lilikuwa moja, lenye jalada gumu, limefunikwa kwa gazeti. Upande wa kushoto hisa za mwezi za wanachama 22, upande wa kulia mikopo. Faini na riba zilikuwa na kijitabu chake na mfuko wake, sikuvigusa. Niliandika programu ndogo ya kufanya jambo moja: kujumlisha hisa zote, kutoa mikopo ambayo haijarudi, na kuonyesha kiasi kinachopaswa kuwamo sandukuni. Haikuwa na vitufe wala rangi. Unafungua kile kidirisha cheusi cha amri, unaandika jina la programu, unafuatisha namba moja baada ya nyingine, unabonyeza kitufe cha kuingiza. Jioni mbili nilikaa na daftari nikinakili kila kiasi kama kilivyoandikwa, nukta kwa nukta, maana mwalimu alikuwa amesema data isiguswe.

Siku ya hesabu tulikaa katika darasa la shule ya msingi, watu wazima kwenye madawati ya watoto. Funguo tatu zikaja, sanduku likafunguliwa, noti zikahesabiwa mara mbili kwa sauti: shilingi 4,690,000. Kisha nikageuza kompyuta ili wote waone. Programu ilisema sandukuni panapaswa kuwa na shilingi 6,837,850.

Pungufu ya shilingi 2,147,850. Hakuna aliyepiga kelele. Nilitamani wangepiga. Mtu mmoja nyuma alisema taratibu kwamba kufuli siku hizi hufunguliwa kwa njia nyingi, na wawili watatu wakatazama chini. Shangazi alikaa kimya, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kuanzia leo sanduku lisilale kwangu." Akalisukuma juu ya dawati hadi mbele ya mwenyekiti, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Ni mimi niliyemleta yule shahidi wa uongo, na sikujua kwamba ni wa uongo.

Kabla watu hawajatawanyika, mzee mmoja aliyekuwa akichezea fimbo yake aliniita. "Kijana, hiyo mia nane hamsini imetoka wapi?" Sikumwelewa. "Hisa yetu ni elfu tano. Mikopo yetu ni ya laki, au nusu laki. Sanduku hili halijawahi kupokea wala kutoa mia nane hamsini. Mwizi wako ameiba chenji?"

Nilikwenda na swali lake nyumbani. Usiku ule, kwa tochi ya simu, nikapata jibu, nami nimekuwa nikilifuatilia tangu hapo. Kwa sababu kosa lilikuwa langu, lakini lilianza zamani sana, na njia lililopitia inakatiza hapa hapa Ugogo.

Jibu lenyewe ni fupi. Katibu aliandika hisa hivi: 25000/=. Mikopo aliiandika hivi: 250,000/=. Hakuwa na kanuni. Ni jicho tu. Sufuri tatu jicho linaziona bila msaada, sufuri nne au tano linahitaji mahali pa kupumzika, kwa hiyo namba ikiwa kubwa mkono unaweka mkato. Sote hufanya hivyo. Ila programu yangu ilitumia amri ya C iitwayo atoi, inayogeuza maandishi kuwa namba, na atoi haijui kupumzika.

Ni vema kuitazama inavyofanya kazi, maana ndani yake mna historia nzima. Kompyuta haipokei namba kutoka kwenye kibodi, inapokea alama. Katika msimbo wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, kila alama ina nambari yake: tarakimu sufuri ni 48, moja ni 49, hadi tisa ambayo ni 57. Atoi inashika alama ya kwanza, inatoa 48, inapata thamani. Inashika ya pili. Ile ya kwanza inazidishwa kwa kumi, ya pili inaongezwa. Mbili inakuwa ishirini na tano, ishirini na tano inakuwa mia mbili hamsini. Inaendelea hivyo mpaka ikutane na kitu kisicho kati ya 48 na 57. Mkato ni 44. Inasimama hapo hapo, inarudisha ilichonacho, na haimwambii mtu yeyote kwamba nyuma yake kumebaki sufuri tatu na mkwaju.

Kwa hiyo mkopo wa laki mbili na nusu ukasomwa kuwa mia mbili hamsini. Mikopo tisa iliyokuwa nje, jumla yake shilingi 2,150,000, ikawa shilingi 2,150. Hisa nazo zilisomwa sawasawa, kwa kuwa 25000/= haina mkato kabla ya tarakimu kuisha; atoi ilifika kwenye mkwaju na kusimama mahali palepale ambapo ingepaswa kusimama. Hisa 6,840,000 kutoa 2,150 ni 6,837,850. Ndiyo ile mia nane hamsini ya mzee. Laiti kosa lingeharibu kila kitu, jibu lingekuwa kichekesho na tungecheka wote. Liliharibu upande mmoja tu, na upande huo ndio uliomwelekea shangazi.

Lugha ya C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kitabu chake maarufu alichoandika pamoja na Brian Kernighan kilitoka 1978. Atoi imo humo, mistari michache tu, kama mfano wa kufundishia. Waliyoiandika hawakuwa wazembe. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo, na mtu aliyekaa mbele ya mashine alitarajiwa kuwa mmoja wao, mtu anayejua kwamba mashine haipewi mkato. Hawakumfikiria katibu wa kikoba, na sidhani kama kuna mtu angewalaumu kwa hilo.

Lakini kitendo chenyewe, kile cha kuzidisha kwa kumi na kuongeza, ni cha kale kuliko kompyuta kwa zaidi ya miaka elfu. Tarakimu ambazo thamani yake inategemea mahali zilipokaa zilitoka India. Brahmagupta aliandika kanuni za kuhesabu kwa sufuri mwaka 628. Karne ya tisa, Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu kuhusu hesabu ya Kihindi, na jina lake kwa midomo ya Walatini likazaa neno algorithimu. Fibonacci, Mwitaliano aliyejifunza tarakimu hizo utotoni huko Bugia, katika Aljeria ya leo, akazitangaza Ulaya kwa kitabu chake cha 1202.

Pwani yetu haikungoja Ulaya. Ukihesabu kwa Kiswahili kuanzia moja, unatembea na Wabantu mpaka tano, unafika sita na saba ukiwa na Waarabu, unarudi nane kwa Wabantu, tisa kwa Waarabu tena. Ishirini, thelathini, mia, elfu, zote zimekuja na majahazi. Tulikuwa na kikwi kabla ya elfu, ila kikwi siku hizi wanakitumia washairi tu. Kisha kuna neno ambalo mzee yule alilitumia bila kufikiri: laki. Hilo ni la India, ni mia moja elfu, limeletwa na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na maduka kuanzia Unguja hadi bara. Wahindi wenyewe huweka mikato yao kwa kufuata laki: laki moja huiandika 1,00,000, tarakimu tatu za mwisho kwanza, halafu mbili mbili. Sisi tulichukua neno tukaacha mkato wake. Tunasema kwa Kihindi na kuandika kwa Kiingereza, na kati ya mdomo na mkono namba inabidi itafsiriwe. Ndiyo maana mtu akikutajia "laki moja na ishirini" unaandika 120,000 wala si 100,020, na ukiulizwa kwa nini huna la kusema isipokuwa kwamba kila mtu anajua.

Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara kabla ya kuwa wilaya. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulipumzika pale, kwa sababu mbele yake kulikuwa na pori kavu la Marenga Mkali, na baada ya pori kulikuwa na watemi wa Wagogo wenye kudai hongo. Neno hili leo ni la polisi na mahakama. Wakati ule lilikuwa ushuru wa halali wa kupita na kunywa maji, na Stanley aliyepita 1871 alilalamika juu yake kurasa nyingi, kama walivyolalamika Burton na Speke kabla yake. Mimi huwaza zaidi juu ya watu waliokaa chini kuijadili. Hongo ililipwa kwa nguo, shanga na nyaya. Nguo ilihesabiwa kwa doti, na doti moja ni shuka mbili, yadi nne kwa jumla. Pembe zilipimwa kwa frasila, yapata ratili 35. Nafaka kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne. Hakuna hata kimoja kinachokwenda kwa kumi. Mtu angeweza kudaiwa doti kadhaa na shuka moja juu, na pande zote mbili zikajua ni kiasi gani bila kuandika chochote, na zikabishana siku mbili juu ya aina ya kitambaa. Atoi ingekufa njaa Ugogo.

Rupia nayo haikuwa ya kumi. Ile iliyotumika pwani na kufuata njia ya misafara iligawanyika katika pesa 64, na neno pesa ni la India pia. Wajerumani waliendelea nayo mwanzoni, wakaitengenezea sarafu zao, na kodi ya kibanda ilipoanza 1898 ilidaiwa kwa rupia. Mwaka 1904 serikali yao ya kikoloni ikabadilisha: rupia moja, hela mia moja. Rupia imekwenda, Wajerumani wamekwenda, hela imebaki midomoni mwetu kana kwamba tumezaliwa nayo. Waliobeba namba mioyoni kwa nusu, robo na nusu ya robo waliambiwa kuanzia sasa ni mia. Nani aliwafundisha? Nadhani walijifundisha dukani, kwa kupunjwa.

Mjerumani huandika elfu moja mia tano hivi: 1.500. Nukta hutenga maelfu, mkato hutenga sehemu za moja. Mwingereza huandika kinyume. Ugomvi huu ni wa tangu karne ya kumi na saba. John Napier, Mskoti, alitumia nukta kutenga desimali katika vitabu vyake, na Uingereza ikaishikilia. Barani, Leibniz alipendekeza mwaka 1698 nukta itumike kama alama ya kuzidisha, kwa kuwa alama ya × ilifanana mno na x, na nukta ikishakuwa na kazi hiyo, desimali zikahitaji alama nyingine. Mkato ukapata ajira. Makoloni yakafuata mabwana wao. Kwa hiyo leo kuna Kiswahili kimoja chenye nyuso mbili. Katika kanzidata ya kimataifa ambayo simu na kompyuta huitazama kujua kila lugha inaandikaje namba, Kiswahili cha Tanzania, Kenya na Uganda kina mkato kwa maelfu na nukta kwa desimali. Kiswahili cha Kongo, kwa kurithi Ubelgiji na Kifaransa chake, ni kinyume. Andika 1.500 Lubumbashi ni elfu moja mia tano. Andika hiyo hiyo Kibakwe ni moja na nusu. Maneno yote ya sentensi yanaweza kuwa sawa na namba ikasema jambo jingine.

Wakubwa wa vipimo duniani walijaribu kupatanisha. Mkutano mkuu wa vipimo na mizani wa mwaka 1948 ulikubali kwamba nukta na mkato vyote viwe vya desimali, na maelfu yatengwe kwa nafasi tupu: 250 000. Mwaka 2003 wakarudia hivyo hivyo. Ni uamuzi mzuri wa karatasini. Kwenye kidirisha cheusi cha amri ni balaa, maana pale nafasi tupu ndiyo inayotenganisha jambo moja na jingine. Ukiandika 250 000 mashine haioni laki mbili na nusu. Inaona vitu viwili, mia mbili hamsini na sufuri, na programu kama yangu ingevijumlisha kwa furaha. Nikitaka kuandika deni kwa mabano, kama wahasibu wanavyofanya, mabano nayo yana maana nyingine pale. Nikiweka alama ya kutoa mbele ya namba, programu nyingi hudhani ninaipa chaguo. Kidirisha kile kina adabu zake, na hakizungumzi.

Mkwaju na alama ya sawasawa vilinichukua muda zaidi kuvielewa, pengine kwa sababu niliviona kila siku ya maisha yangu bila kuvitazama. Soda 700/=. Nauli 5,000/=. Kenya na Uganda ni vile vile. Waingereza walileta shilingi Afrika Mashariki mwaka 1921, baada ya kuhangaika kidogo na florini, na walipoileta waliigawa senti mia. Kwao nyumbani shilingi ilikuwa na peni kumi na mbili, na paundi ilikuwa na shilingi ishirini, na waliendelea hivyo mpaka Februari 15, 1971. Yaani walitupa sisi hesabu rahisi miaka hamsini kabla ya kujipa wenyewe. Sijui kama kuna mtu wa kumshukuru.

Kwa Mwingereza mkwaju ulikuwa na sababu. Shilingi tano na peni sita huwezi kuiandika 5.6, itakuwa uongo, kwa kuwa peni sita ni nusu shilingi. Akaandika 5/6. Na pasipokuwa na peni, akaweka kistari kuonyesha pengo: 5/-. Makarani wa hapa waliuchukua mkwaju pamoja na mambo mengine ya ofisi, ingawa kwa senti mia nukta ingetosha kabisa. Nina stakabadhi ya babu ya karanga alizouza kwenye chama cha ushirika, wino umefifia, imeandikwa Shs. 47/60: shilingi arobaini na saba na senti sitini. Pale mkwaju ndio desimali. Kistari kimoja cha Mwingereza kikawa viwili mikononi mwetu, na tulipoanza kutumia shilingi yetu wenyewe mwaka 1966, chini ya Benki Kuu mpya, senti zilikuwa bado zinalia mifukoni: tano, ishirini, hamsini. Leo senti hakuna. Sarafu ndogo unayoweza kurudishiwa dukani ni ya hamsini, hamsini ya shilingi. Mkwaju umebaki ukilinda chumba kisicho na mtu.

Ila katibu wa kikoba hakubaliani na mimi. Nilipomuuliza kwa nini anaandika /= alinitazama kama mtoto. "Ili mtu asiongeze sufuri," akasema. Ni kweli: namba iliyofungwa kwa mkwaju haiongezeki kimyakimya. 25000 inaweza kuwa 250000 kwa kalamu ya mtu mwenye njaa; 25000/= haiwezi bila kufutwa. Kwa hiyo ile alama niliyoiona kama takataka ya kuondolewa ilikuwa kufuli ya nne.

Narudi kwenye usiku ule. Nilipoona mkato ndio adui, nilifanya kile ambacho vijana wengi hufanya: nikaandika programu iondoe kila kitu kisicho tarakimu. Mkato, nukta, mkwaju, vyote nje. Mikopo ikasomeka. Nikashangilia peke yangu. Kisha nikaijaribu kwa meseji ya pesa ya simu iliyokuwa kwenye simu yangu, iliyosema nimepokea Tsh 10,000.00, na programu ikanipa milioni moja. Nukta ilikuwa imeondoka na senti mbili za sufuri zikahamia kwenye shilingi. Kosa la kwanza liligawanya kwa elfu, la pili likazidisha kwa mia. Nilifunga kompyuta nikakaa nje. Kibakwe Desemba usiku huwa na baridi ya milimani ambayo watu wa Dodoma mjini hawaiamini.

Asubuhi nilianza upya, kwa amri nyingine ya C, strtol, iliyoingizwa katika kanuni rasmi za lugha hiyo mwaka 1989. Inafanya kazi ile ile ya atoi na tofauti moja: ikisimama, inakuonyesha iliposimama. Ukiipa 250,000/= inakurudishia 250 na kidole kinachoelekeza kwenye ",000/=". Mkia haupotei. Ni juu yako kuutazama au kuupuuza, lakini huwezi kusema hukuonyeshwa. Miaka kumi na moja tu kati ya kile kitabu na kanuni hizo, na ndani yake kuna mtu, au watu, walioumizwa na ukimya wa atoi kabla yangu. Lugha nyingine zilichagua njia zao. Python ukiipa 250,000 inakataa kata kata na kusimamisha kazi, ingawa tangu 2016 inakubali 250_000, mstari wa chini badala ya mkato, ambao hakuna katibu duniani anayeutumia. JavaScript, kwa parseInt yake, inarudia kosa la atoi neno kwa neno. Java ina kisomaji kinachouliza kwanza uko nchi gani, kisha kinaukubali mkato ikiwa nchi yako inautumia.

Mimi nilichagua ukali. Mkato unakubaliwa endapo unafuatwa na tarakimu tatu kamili, si mbili, si nne. Nukta inakubaliwa mara moja tu, mwishoni, ikifuatwa na tarakimu mbili. Alama ya /= au /- inakubaliwa mwisho kabisa. Kitu kingine chochote, programu inasimama, inaandika namba ile kama ilivyoipokea na kuuliza: "Hii ni ngapi?" Stakabadhi ya babu ingeulizwa. Namba ya kutoka Lubumbashi ingeulizwa. Rafiki yangu mmoja wa chuo aliniambia programu nzuri haimsumbui mtumiaji kwa maswali. Nilimwambia aje anisaidie kumweleza shangazi hilo.

Ugumu mwingine sikuutatua, na ninauacha hapa kwa wenye akili zaidi. Nilitaka siku moja programu ipokee namba kwa maneno, maana watu hutaja kwa maneno. Nikakwama kwenye mfano wa kwanza: "elfu kumi na tano". Ni 15,000, au ni 10,005? Vitabu vya sarufi vinakushauri useme "kumi na tano elfu" ukitaka ya kwanza. Sokoni hakuna anayesema hivyo, na hakuna anayekosea, kwa kuwa hakuna kinachouzwa elfu kumi na shilingi tano. Ule mzee wa mia nane hamsini alikuwa na programu hiyo kichwani: alijua namba zipi zinaweza kuwako duniani mwake na zipi haziwezi.

Tulikutana tena darasani siku ya tatu. Nilisimama mbele nikaeleza kosa langu, nikaandika ubaoni kwa chaki mkopo mmoja mmoja, mitano, sita, tisa, na kando yake kile ambacho mashine ilisoma. Laki nne, mia nne. Laki moja, mia moja. Watu walianza kucheka kwenye mstari wa tatu. Yule aliyesema habari za kufuli hakucheka; alinyanyuka, akaenda mlangoni alikokuwa amekaa shangazi, akapiga goti na kumshika mikono. Sikusikia walichosema. Jumla ilikuwa 4,690,000 ubaoni, sandukuni na kwenye kompyuta.

Mwenyekiti akataka sanduku lirudi kwa shangazi. Akakataa hadi hesabu yote ifanywe upya, mbele yake, kwa sauti, na si kutoka kwenye yale niliyonakili. Akavuta dawati karibu na langu, akafungua daftari, akavaa miwani.

"Laki mbili na nusu," akasoma.

Nikaandika.

"Umeandika nini? Nisomee."

"Mbili, tano, sufuri, mkato, sufuri, sufuri, sufuri."

Aliinama akatazama kioo mwenyewe, kidole chake kikipita chini ya kila tarakimu bila kuigusa.

"Na mkwaju?" akauliza. "Hujaifunga."

Nikaongeza mkwaju na mistari miwili. Akageuza ukurasa.